James Joule: Mwana wa mtengenezaji pombe aliyelipima joto la kazi

UNGA unaotoka katika vinu vya posho vya Kibera na Kawangware huwa na uvuguvugu, ilhali hakuna moto uliowashwa chini ya kinu. Mafundi wa jua kali mitaani humo nao wanajua kwamba chuma kinachotobolewa kwa keekee huweza kuchoma vidole. Joto hilo hutokana na kazi yenyewe, na aliyepima kwa makini uhusiano wa mambo hayo mawili ni James Prescott Joule.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, kaskazini mwa Uingereza. Babake, Benjamin, alimiliki kiwanda cha pombe. Kutokana na afya yake dhaifu, kijana huyo alisomeshwa nyumbani, kisha akafunzwa na mwanasayansi mashuhuri John Dalton. Hakuwahi kujiunga na chuo kikuu. Alihudumu kiwandani, na utafiti wake akaugharamia mwenyewe.

Enzi hizo wasomi wengi waliamini kuwa joto ni kiowevu kisichoonekana, kinachohama tu kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mnamo 1798 Count Rumford alikuwa ametilia shaka imani hiyo, baada ya kuona mizinga iliyotobolewa mjini Munich ikizidi kutoa joto. Naye Mjerumani Robert Mayer alikadiria uhusiano wa kazi na joto mwaka 1842. Kilichokosekana ni kipimo ambacho hakuna angeweza kukipinga.

Joule alijitwika jukumu hilo. Alipowasilisha matokeo yake ya kwanza mjini Cork, Ireland, mwaka 1843, yalipokewa kwa kimya. Mwaka uliofuata, Royal Society ya London ilikataa kuchapisha kikamilifu makala yake nyingine.

Hakufa moyo. Alitengeneza chombo cha maji chenye makasia ndani yake, akayaunganisha kwa kamba na mizigo ya risasi. Kila mizigo iliposhuka, makasia yalizunguka na kuyakoroga maji. Baada ya kuiteremsha mara 20, joto la maji lilipanda kwa takribani thuluthi moja tu ya digrii ya Selsiasi. Wengi walishuku kwamba badiliko dogo kiasi hicho lingeweza kupimika, lakini yeye alikuwa na vipimajoto bora na mkono mtulivu.

Mwaka 1847, mjini Oxford, kijana William Thomson alimsikiliza na kutambua uzito wa hoja zake. Mnamo 1850 Royal Society, ile ile iliyomkataa, ilichapisha vipimo vyake na kumfanya mwanachama. Kwa hesabu za leo, kazi inayotosha kuinua kilo 1 hadi kimo cha mita 427 hupasha kilo 1 ya maji moto kwa digrii 1 pekee. Ndiyo sababu kinu hufanya kazi kubwa, na unga ukatoka na uvuguvugu tu.

Joule aliaga dunia tarehe 11 Oktoba 1889 mjini Sale. Kwenye kaburi lake imechongwa nambari 772.55, kipimo alichokitafuta kwa miaka mingi. Jina lake nalo limebaki katika kipimo cha nishati: kila uniti 1 ya stima ni jouli milioni 3.6.