Bibi Titi Mohamed: Kutoka Kwenye Ngoma Hadi Bungeni



Kwetu Rumonge, kina mama wanaouza ndagala na mawese sokoni hukusanya mchango wa msiba kabla jua halijafika utosini. Lakini mkutano ukiitishwa, mama hao hao hukaa nyuma, kimya. Nami nilikuwa hivyo. Muhula huu dada zangu waliponiomba nigombee uongozi wa jumuiya yetu, nilijibu kwamba kuhutubia sikuwezi. Kisha nikasoma maisha ya Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Alisoma Qurani chuoni, na shule akaishia darasa la nne. Mjini alijulikana kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 alijiunga na TANU, chama cha Mwalimu Nyerere kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, akakabidhiwa kazi ya kuingiza wanawake. Hakuanza na wasomi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, maana kila mmoja wao alikuwa na watu nyuma yake. Katika miezi michache, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Alizunguka nchi akihutubia kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayonunulia samaki ufuoni kwetu.

Baada ya uhuru wa 9 Desemba 1961 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye hakukubaliana nalo, akaachia nafasi yake katika uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Alikana, lakini alihukumiwa kifungo cha maisha, hadi alipoachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Aliishi kimya kwa miaka mingi. Sifa zake zilianza kutajwa tena mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Ndugu zangu, nimejifunza mawili. Kwanza, elimu ni wajibu kuitafuta, ila uchache wake usiwe kisingizio cha kukaa nyuma. Mimi niko chuo kikuu. Yeye alikuwa na darasa la nne. Pili, mtu akigombana na wakubwa, wema wake haufutiki. Tuwe waadilifu hata kwa walioanguka.

Jina langu nimeliandikisha. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa nikiwa nimesimama.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi. Wabillahi tawfiq.