Dedan Kimathi: Mafaili ya Siri Yalitoka, Kaburi Bado Hatujaonyeshwa

Ukiwa Kamakis pale Ruiru ukimanga nyama, jela ya Kamiti haiko mbali. Humo ndani ndio mabeberu walimnyonga Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957, wakamzika bila hata jiwe la kuonyesha ni wapi. Jina lake unalijua, liko kwa barabara na chuo kikuu. Lakini vile walimnyaka, hiyo stori wengi wetu hatukufunzwa.

Kimathi alizaliwa Nyeri mwaka wa 1920. Alikuwa msee wa vitabu: shuleni aliweza Kizungu na mijadala, akaingia jeshi kidogo, baadaye akawa mwalimu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa tayari anasimamia kiapo, na muda si muda akaingia msitu wa Nyandarua.

Sasa shika hii. Kule msituni, kwa baridi na njaa, Kimathi alitaka kila kitu kiandikwe. Mikutano iliwekwa kumbukumbu, barua zilitumwa, vyeo viliandikwa. Agosti 1953 likaundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, na Februari 1954 Bunge la Kenya, yeye mbele. Alitaka dunia ijue hii ilikuwa serikali, si genge la wezi. Shida ni kuwa karatasi ikiangukia mikono ya adui inabonga yenyewe. Makaratasi mengi ya msituni yalinaswa, makachero wakakaa chini kuyasoma.

Januari 1954 wakamshika Jenerali China, mkubwa wa Mlima Kenya. Ian Henderson, kachero aliyeongea Kikuyu kama mtu wa Nyeri, alimhoji kwa masaa 68. China akamwaga mtama mwingi kuhusu vikosi vyake, na hukumu yake ya kifo ikaondolewa. Sitamhukumu, wewe na mimi hatujawahi kaa hicho kiti.

Na hapa Thika inaingia. Ofisa kijana wa jeshi, Frank Kitson, alikuwa anashughulikia ujasusi Kiambu na Thika. Mbinu yake ilikuwa chafu lakini kali: chukua Mau Mau aliyeshikwa, mgeuze, mvalishe tena nguo za msituni, kisha umrudishe kwa mabeshte wake kama bado ni wao. Hata wazungu walijipaka rangi nyeusi wakatembea na hizo mbogi feki. Henderson akaipeleka hiyo mbinu Nyandarua, na kufikia 1956 waliokuwa wakimwinda Kimathi ni watu waliowahi kula naye sahani moja.

Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi mguuni pembeni ya msitu, akiwa amevaa ngozi ya chui. Unadhani alishtakiwa kwa mauaji? Hapana. Bastola moja na risasi sita. Kwa sheria za wakati huo, hiyo ilitosha kukupeleka kitanzini.

Uhuru ukikaribia, 1961, London ilitoa amri: karatasi zozote za kuaibisha Uingereza zisiachiwe serikali mpya. Nyingi zikachomwa. Zingine, mafaili kama 1,500 kwa masanduku 300, yakapandishwa ndege 1963, yakaishia kufichwa Hanslope Park huko Uingereza. Yalikaa kimya hadi 2011, wakati wazee wetu walioteswa kambini walikuwa wameishtaki Uingereza mahakamani London. Ikabidi yatolewe. Miaka 2 baadaye Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia ya wazee 5,228 pamoja na gharama za kesi. 

Rekodi ya kesi ya Kimathi nayo, iliyokosekana miaka mingi, ilipatikana ikachapishwa kama kitabu 2017. Kwa hivyo leo unaweza kusoma mashahidi walisema nini, na hakimu aliamua vipi.

Ila kaburi, zii. Oktoba 2019 wakfu wenye jina lake ulitangaza kuwa limepatikana Kamiti. Serikali ikakana. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi mzee wake afukuliwe azikwe kwa heshima. Mukami alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, peke yake.