Mzee Junkers na Punda wa Bati

Wengi wenu mkisikia jina Junkers mnakumbuka ndege za Ujerumani zilizoangusha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Mimi leo nataka niwasimulie habari za mwenye jina hilo, maana naona mzee huyu ameonewa.

Hugo Junkers alizaliwa tarehe 3 Februari 1859 mjini Rheydt, Ujerumani. Hakuanza na ndege hata kidogo. Kiwanda chake cha Dessau kilitengeneza mitambo ya gesi ya kupasha maji ya kuoga, na tangu 1897 alikuwa profesa huko Aachen. Alipojitosa katika mambo ya ndege alikuwa ametimiza miaka 50, umri ambao wengine wanawaza kustaafu.

Siku hizo ndege zilikuwa mbao, kitambaa na nyaya. Chuma je? Ni kizito mno, wengi waliamini hivyo. Desemba 1915 ndege yake ya J 1, ya chuma kitupu, ikaruka, nayo ikabandikwa jina Punda wa Bati. Basi punda huyo akazaa! Mwaka wa 1919 ikaja F 13, ndege ya kwanza ya abiria iliyoundwa yote kwa metali. Abiria wanne walikaa ndani ya chumba kilichofungwa, wametulia kama walio kwenye teksi.

Kweli, wakati wa vita vya kwanza aliliundia jeshi ndege. Hilo siwezi kulificha. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye majaribio. G 38 ya 1929 ilikuwa na mabawa ya mita 44, manene hivi kwamba baadhi ya abiria walikaa ndani ya bawa lenyewe, wakitazama mbele kupitia madirishani!

Mimi inayonishangaza zaidi ni Ju 49, iliyoruka mwaka wa 1931. Huko juu sana hewa ni nyepesi na haiizuii ndege sana, ila binadamu hawezi kuipumua. Kwa hiyo marubani wawili walifungiwa katika chumba kilichojazwa hewa. Vidirisha vilikuwa vidogo mno, ikabidi iwekwe periskopu, lile bomba lenye vioo, ili rubani aone anapotua. Mwaka wa 1935 ilipita mita 12,000. Ndege za abiria za leo zinapita huko huko, nazo zimejazwa hewa vivyo hivyo.

Wanazi waliposhika serikali mwaka wa 1933, walimlazimisha atoe hataza zake na hisa nyingi za kampuni. Wakamkataza kukanyaga Dessau, akawekwa chini ya ulinzi huko Bavaria. Alifariki tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76. Mjane wake aliiuzia serikali hisa zilizobaki.

Septemba mwaka huo huo ikaruka Ju 87, ile ya kuangusha mabomu. Hiyo "Ju" ni Junkers.