Hakimu wa Kapenguria na funzo kwa mahakama za mbali

Kila ifikapo tarehe 20 Oktoba, Wakenya huyakumbuka majina ya wanaume sita waliokamatwa usiku wa tarehe hiyo mwaka 1952 na baadaye kushtakiwa pamoja huko Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Jina la mtu wa saba, yaani hakimu aliyewahukumu, halitajwi ila kwa nadra. Aliitwa Ransley Samuel Thacker. Naamini ni vyema tukamrejelea leo, si kwa nia ya kufukua makaburi, bali kwa kuwa maisha yake yana funzo kwa kila mahakama iliyo mbali na miji mikuu. Na katika nchi hii, ni wapi palipo mbali kuliko Lodwar na Kakuma?

Thacker alikuwa Mwingereza na mtumishi wa siku nyingi wa sheria za kikoloni. Katika miaka ya 1930 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Fiji, visiwa vilivyo katika Bahari ya Pasifiki. Kutoka huko aliletwa Kenya mwaka 1938, akawa jaji wa Mahakama Kuu mpaka alipostaafu mwaka 1950. Kazi ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kwa watu wa tabaka lake. Dola ya Uingereza iliwahamisha wanasheria wake kutoka bahari hii hadi ile kama wahamishwavyo makarani, na jaji angeweza kumaliza miaka yake yote ya kazi bila ya kujua lugha hata moja ya watu aliowahukumu. Lau asingeitwa tena, jina lake lingebaki katika majalada tu, nasi tusingekuwa na la kusema juu yake.

Aliitwa, hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1952. Serikali ya Gavana Evelyn Baring ilikuwa imetangaza hali ya hatari na ilitaka kuthibitisha mahakamani kwamba Kenyatta ndiye aliyekuwa kiongozi wa Mau Mau. Kesi isingeweza kufanyiwa Nairobi, kwani watawala waliogopa umati wa watu. Ikachaguliwa Kapenguria, kituo kidogo cha utawala katika wilaya iliyofungwa, ambamo mgeni hakuingia bila ya kibali. Hapakuwa na hoteli wala maktaba ya sheria, na chumba cha mahakama kilikuwa darasa la shule. Jaji mstaafu wa Mahakama Kuu akateuliwa kuwa hakimu wa ngazi ya chini, ili asikilize kesi peke yake pasi na baraza la wazee wa mahakama. Yeye na mawakili walilala Kitale, takriban kilomita 40 kutoka hapo, na kila siku wakasafiri kwenda na kurudi.

Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Nyaraka za serikali ya kikoloni, ambazo wanahistoria wamezisoma miaka mingi baadaye, zinaonyesha kwamba Thacker alidai alipwe fidia. Hoja yake ilikuwa kwamba alikusudia kuishi Kenya uzeeni, na kwamba akiisha kuwatia hatiani washtakiwa hao hataweza kukaa tena nchini kwa usalama. Baring aliidhinisha pauni 20,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Na tuyatazame vizuri maana ya dai hilo. Mtu anayedai fidia kwa sababu ya matokeo ya kuwatia watu hatiani amekwisha kuyajua matokeo hayo. Hukumu ilikuwa na bei kabla ya shahidi wa kwanza kutoa ushahidi wake.

Kesi ilichukua miezi mitano. Upande wa utetezi uliongozwa na D.N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka London, akisaidiwa na Dudley Thompson wa Jamaica, H.O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa Kenya A.R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Pritt aliwapelekea simu ya maandishi wabunge wa Uingereza akilalamika kwamba haki inanyimwa Kapenguria. Thacker alighadhibika, na Pritt akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Majaji wa Mahakama Kuu walimwona hana hatia.

Mimi ni mwanaisimu, na kwa hiyo jambo linalonishughulisha zaidi katika kesi ile ni lugha. Thacker hakujua Kikuyu. Yote yaliyosemwa na mashahidi wengi yalimfikia kwa kinywa cha mkalimani, na mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale. Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakulia miongoni mwa Wakikuyu na kukisema Kikuyu kama mwenyeji. Kwa ujuzi wa lugha, hapakuwa na Mzungu wa kumshinda. Lakini mwaka huo huo wa 1952 alikuwa amechapisha kitabu cha kuishutumu Mau Mau, na alikuwa akiisaidia serikali katika mapambano yake. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1930 yeye na Kenyatta walikuwa wakishindania nani ana haki ya kuieleza jamii ya Wakikuyu kwa walimwengu. Ilikuwa kesi ya kima kupelekewa ngedere. Utetezi ulipinga, na hatimaye Leakey akajiondoa.

Asiyejua kazi ya ukalimani hudhani ni kubadilisha neno kwa neno, kama mtu avunjavyo noti dukani. Chukua neno mũma, yaani kiapo. Kwa Wakikuyu, kiapo kilikuwa sehemu ya sheria: wazee walikitumia kuamulia mashauri ya ardhi na wizi tangu kale, na Kenyatta mwenyewe aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mbele ya Thacker, kiapo kilikuwa na maana moja tu, njama ya uasi. Fikiria pia Oneko, Mjaluo aliyesema hajui Kikuyu, akishtakiwa pamoja na wenzake kwa mambo yaliyosemwa katika mikutano ya Kikuyu. Hakimu alimtia hatiani naye.

Shahidi mkuu alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mashahidi kadhaa wa utetezi walimkana, lakini Thacker akachagua kumwamini yeye. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, kisha muda mfupi baadaye akaondoka nchini kwenda Uingereza. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilichukua miaka mitano: mwaka 1958 Macharia alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa safari ya Uingereza, masomo na kazi. Serikali ilimshtaki, si kwa uongo wa mwaka 1953, bali kwa hati yake ya mwaka 1958. Alifungwa.

Wapo watakaosema kwamba namhukumu Thacker kwa mizani ya leo, na kwamba jaji yeyote wa kikoloni angefanya kama yeye. Hoja hiyo haisimami. Majaji waliomwachilia Pritt walikuwa wa kikoloni pia. Mnamo Julai 1953 Mahakama Kuu iliibatilisha hukumu ya Kapenguria kwa sababu Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliirudisha hukumu hiyo baadaye mwaka huo huo. Januari 1954 Mahakama Kuu ikamwondolea Oneko hatia, japo serikali iliendelea kumzuilia hadi mwaka 1961. Kwa hiyo, hata chini ya bendera ile ile na sheria zile zile, mtu aliyevaa joho la jaji aliweza kuwa na uhuru fulani. Thacker hakulazimishwa na zama zake. Alichagua.

Na uchaguzi wake uliishia Turkana. Wafungwa walipelekwa Lokitaung, karibu na mipaka ya Sudan na Ethiopia, wakavunja mawe katika joto kali, naye Kenyatta kwa umri wake akawa mpishi wa wenzake. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliungana nao huko. Mwaka 1958 barua yao ya malalamiko ilipenya hadi London na kuchapishwa katika gazeti la The Observer. Kifungo kilipokwisha Aprili 1959 hawakuachwa huru, bali walihamishiwa Lodwar wakae chini ya amri ya kutotoka. Ni Lodwar ambako viongozi wa KANU na KADU walifunga safari kumwona Kenyatta mnamo Machi 1961, kabla ya kupelekwa Maralal na kuachiliwa Agosti mwaka huo. Hivyo ndivyo jina la Lodwar lilivyoingia katika historia ya taifa: kama mahali pa kumsahaulia mtu. Wenyeji wa Turkana hawakuulizwa kama waliridhia nchi yao igeuzwe gereza. Kwao wenyewe, mkuu wa wilaya alikuwa ndiye mtoza kodi na ndiye hakimu.

Kiswahili kina siri hapa. Maneno haki na hakimu yanafanana kama ndugu, lakini hayakuzaliwa na mama mmoja. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima yametoka katika shina moja la Kiarabu; haki imetoka katika shina jingine, na masikio yetu ndiyo yaliyoyakaribisha pamoja. Kwa asili ya maneno, basi, hakimu anaweza kuwepo bila ya haki. Maisha ya Thacker ni ushahidi wa hilo. Kuwaunganisha wawili hao si kazi ya lugha, ni kazi ya watu.

Leo Lodwar ina Mahakama Kuu, na Kakuma ina mahakama yake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na katika eneo hilo hukutana Waturkana, Wasudani Kusini wa makabila mbalimbali, Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Hakimu wa Kakuma anaweza kusikiliza katika juma moja Kiturkana, Kidinka, Kinuer, Kisomali na Kioromo, na asijue hata kimoja. Yuko pale alipokuwa Thacker, mbali na magazeti na mawakili wengi, akitegemea kinywa cha mkalimani. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila ya malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Lakini haki ya kuwa na mkalimani si kitu ikiwa huyo mkalimani ni yeyote aliyepatikana barazani asubuhi ile, jirani wa mlalamikaji au hasimu wa ukoo wa mshtakiwa. Kesi ya Leakey yatufundisha kwamba ufasaha pekee hautoshi. Mkalimani sharti awe amefunzwa, ameapishwa, analipwa vizuri, na asiwe na maslahi katika shauri.

Wanaopanga bajeti za mahakama huelekea kuanza na Nairobi na kumalizia na mipaka. Mimi nasema waanze na mipaka. Jijini hakimu akipotoka, kuna macho elfu ya kumwona. Kakuma huenda asiwepo hata mmoja. Watawala wa mwaka 1952 walilijua hilo, ndiyo maana wakaipeleka kesi yao mbali. Nasi tukiliacha jambo la wakalimani kama lilivyo, tutakuwa tumewahamisha Thacker na Leakey kutoka Kapenguria, tukawapa vyumba Kakuma.