Siti binti Saad na Kesi ya Kijiti

Ukishajulikana chuoni kwamba umetoka Bukoba, kuna kazi unapewa bila malipo: kutafsiri Saida Karoli. Mimi natoka Kaagya, na tangu mwaka wa kwanza nimeutafsiri Maria Salome mara nyingi kuliko nilivyofungua baadhi ya vitabu vya kozi. Wimbo ule, ambao wengi wanaujua kwa jina la Chambua Kama Karanga, uliitikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uliimbwa na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha upya kwa jina la Salome, na maswali nayo yakarudi upya. Hapa anasema nini? Na hapa je? Nikishawapa neno kwa neno, wanaridhika, wanaondoka.

Mimi ndiye siridhiki. Kwetu maneno ya wimbo ni nusu tu ya habari. Mpiga enanga, na enanga ni ule ubao uliochongwa katikati kama mtumbwi mdogo, nyuzi zikavutwa kwa urefu wake, haimbii watu wasiojua kitu. Anawaimbia watu wanaojua tayari nani aligombana na Mukama, nani alipigana wapi. Anaweza kuruka tukio zima kwa kulitaja tu, na wasikilizaji wakalijaza wenyewe. Sasa mchukue mtu wa Mbeya au Mtwara, mpe tafsiri iliyonyooka kabisa. Atabaki na maneno yaliyonyooka na habari haipo.

Mfano mzuri kuliko wote wa jambo hili, kwa maoni yangu, hautoki Kagera. Uko upande wa pili wa nchi, visiwani, kwa mwanamke aliyefariki miaka mingi kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Siti binti Saad wengi tunamjua kwa jina tu, na kwa ile sentensi ya mtihani kwamba alikuwa mwimbaji wa kwanza mwanamke wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Basi. Nyimbo zake zenyewe tunazipita.

Alizaliwa Fumba, shamba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Uzigua; yaani watu wa bara ambao utumwa ndio ulioufikisha ukoo wao visiwani. Mtoto wakamwita Mtumwa. Hilo halikuwa jina la utani, ndilo jina alilopewa. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa tayari msichana mkubwa, lakini marufuku ya serikali haimbadilishi mtu jina, wala haimpi shamba. Masomo hakupata. Alifinyanga vyungu kama wanawake wengine wa kwao, akavibeba kwenda kuviuza, akivinadi kwa sauti njia nzima. Inasemekana watu waliisikia sauti kabla hawajaviona vyungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na watu wa taarab, wakamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Taarab ya wakati ule ilikuwa kitu cha wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri kwa ajili ya starehe za jumba lake, na ikaendelea kuimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume wenye nafasi zao mjini. Hebu fikiria binti wa watumwa, muuza vyungu, asiyejua kusoma, anaingia humo. Jina la Siti alipewa baada ya kuanza kusikika. Maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti kuna umbali mrefu kuliko ule wa kutoka Fumba hadi mjini, na aliutembea ndani ya miaka michache.

Alipata wenzake wa kudumu, wote wanaume: Subeti Ambar kwenye udi, Mbaruk kwenye fidla, Mwalimu Shaaban, Budda Swedi. Waliimba kwenye nyumba za matajiri na jumbani kwa Sultani, lakini makao yao yalikuwa Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa chini: wapagazi, wachukuzi, wafua nguo, wajukuu wa watumwa. Jioni walikutana, na watu wa mtaani wakaja na habari. Nani kafungwa, nani kaachwa, karani gani kala hela. Kutoka kwenye habari hizo nyimbo zikatungwa, kwa Kiswahili. Hapo ndipo alipoigeuza taarab. Lugha ni jambo moja, lakini pia aliyekuwa akiimbwa sasa alikuwa mtu wa mtaani, na waliokuwa wakisikiliza walimjua.

Wapinzani hawakukaa kimya. Kuna wimbo uliotungwa kumdhihaki, ukimuuliza amekuwa mtu tangu lini, ukimkumbusha kwamba alikuja mjini kwa miguu akiwa na kaniki. Ukiutafsiri huo kwa kamusi, kaniki ni nguo nyeusi ya bei rahisi, na tusi linakuwa kwamba mwanamke huyu alivaa vibaya. Kumbe kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa. Wanawake wa Ng'ambo baada ya 1897 walikimbilia kanga za rangi kwa sababu hiyo hiyo, ili mtu asiwasome utumwa mwilini. Kwa hiyo neno moja tu lilimrudisha Siti kwenye jina lake la kwanza. Jibu lake lilikuwa kwamba sura na nasaba si kitu kama mtu hana akili wala tabia. Leo jibu hilo linaonekana kama nasaha ya kawaida, ya kuandikwa kwenye kalenda. Wakati ule lilikuwa jibu la mtu aliyetukanwa hadharani kwa sababu ya utumwa wa wazazi wake, na kila msikilizaji alijua hivyo.

Lakini wimbo ninaotaka kukaa nao ni Kijiti.

Kisa kilisimuliwa na wazee wa Ng'ambo, na mwanahistoria Laura Fair akakifanyia kazi katika kitabu chake cha mwaka 2001, Pastimes and Politics. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar kutembea. Alikuwa mjamzito. Kijana aitwaye Kijiti akamtaka, wakatoka usiku pamoja na wenyeji wake, na pombe ilikuwepo. Kijiti akamtenga na wenzake, akampeleka maguguni, akambaka, akamuua. Kisha akavuka bahari akaingia Tanganyika. Zanzibar na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Mwingereza, lakini zilikuwa serikali mbili, na Kijiti hakurudishwa kujibu kesi. Wanawake waliokuwa na marehemu ndio waliokwenda kueleza waliyoyaona. Hakimu akawageukia wao: ndio waliomtoa mgeni nyumbani, ndio wenye pombe. Wakafungwa.

Sasa sikiliza wimbo bila kujua hayo. Kwanza, muziki wake ni mtamu, hauna kilio. Pili, mashairi yanakitaja kitendo cha Kijiti kwa jina la mchezo wa watoto wa kukimbizana. Mtu asiyejua atadhani walikwenda kucheza, jambo likaharibika kwa bahati mbaya. Aliyeijua kesi alisikia kitu kingine kabisa: alisikia jinsi jambo zito lilivyofanywa jepesi, kwanza na Kijiti, halafu na mahakama. Nimewahi kuambiwa na mwanafunzi mwenzangu wa fasihi kwamba hiyo ni tafsida tu, njia ya heshima ya kusema lisilosemeka. Inawezekana, Waswahili wana staha. Ila mimi naona tafsida ingechagua neno la kufunika. Hili halifuniki, linachoma.

Na kuna habari ya hakimu. Siti na wenzake walimwimba hakimu katika mji ambao hakimu aliwekwa na Mwingereza na Sultani, huku wenyewe wakialikwa kuimba jumbani. Hawakusema kwamba mahakama imepotoka. Walieleza tu kilichotokea kwa mpangilio: nani aliua, nani alikimbia, nani alifungwa. Hukumu wakaiacha kwa wasikilizaji. Ng'ambo ile ile mwaka 1928 wapangaji walikataa kulipa kodi ya ardhi ya viwanja walivyojengea. Watu wale hawakuhitaji mwimbaji wa kuwaeleza dhuluma ni nini. Walihitaji wimbo wa kuwakusanya wote kwenye jambo moja ambalo kila mtu amelisikia kando kando.

Mwaka huo huo wa 1928 Siti na kikundi chake wakasafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Walirudi tena baadaye, wakarekodi nyimbo nyingi, na santuri zikauzika kwa maelfu hadi bara. Watu wengi husimulia safari hii kama kilele cha maisha yake, na kwa umaarufu ni kweli. Kwa upande wa maana, mimi naona hasara ilianzia hapo. Santuri ilibeba sauti, udi, fidla na mashairi, lakini haikubeba baraza la Ng'ambo. Mtu wa Kampala au Mombasa aliyeiweka kwenye gramafoni yake alipata wimbo mzuri wa Kiswahili kuhusu mtu fulani Kijiti. Ndivyo hivyo hivyo nchi nzima ilivyompata Saida Karoli: mdundo tumecheza, kisha tukatafuta Mhaya atupe maneno.

Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, Wasifu wa Siti binti Saad, na kizazi kizima cha shule kikamjua kupitia kitabu hicho. Nakiheshimu. Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa tabia kuliko mpelelezi wa kesi, na Siti anayetoka mikononi mwake ni mfano wa subira, adabu na bidii. Huyo alikuwepo, sina shaka. Ila mwanamke aliyekaa na wenzake jioni wakipanga jinsi ya kuiimba hukumu ya hakimu, huyo inabidi umtafute ndani ya nyimbo zenyewe, na kwenye kumbukumbu za waliozisikia zikiwa mbichi. Waliozisikia wamekwisha sasa.

Kuna sababu nyingine ya mimi kukaa na Kijiti. Siku hizi tunasemeshwa sana kuhusu rushwa ya ngono vyuoni. Sheria ipo, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mabango yapo hadi kwenye milango ya vyoo. Lakini kaa hosteli usikilize mazungumzo pale msichana anapojaribu kusema. Alikwenda ofisini saa ngapi? Alikwenda na nani? Alivaa nini? Nani alimpeleka? Rafiki yake aliyemsindikiza naye anaanza kuulizwa, mpaka anajuta kwa nini alifungua mdomo. Hapo mimi huwa namsikia yule hakimu wa Zanzibar, waziwazi. Mtu asiyeijua kesi hawezi kumsikia, hata kama wimbo unapigwa chumba cha pili.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kwao Zanzibar. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipotafuta jina la gazeti lake kililiita Sauti ya Siti, na nadhani waliochagua walijua wanachochagua. Nyimbo zake zilibaki kwa waliomfuata, zaidi ya wote Bi Kidude, aliyeimba Kijiti hadi uzeeni na kuirekodi. Yeye naye alifariki Aprili 2013. Rekodi yake inapatikana kirahisi kwenye simu.

Ukiisikiliza, zingatia majina. La muuaji lipo, limekuwa jina la wimbo, tunalitaja mpaka leo. Waliofungwa nao wametajwa. Yule aliyetoka Dar es Salaam akiwa na mimba, akalala maguguni, anaitwa mgeni tu. Nimeyapitia mashairi kila toleo nililolipata nikitafuta jina lake, na sijaliona.