Baden-Powell, Mzee wa Skauti Aliyelala Nyeri

Kila mtu hapa shuleni amewaona maskauti wakipiga gwaride na skafu shingoni. Lakini ukiuliza nani alianzisha mambo haya, na kwa nini kaburi lake liko papa hapa Nyeri, watu wanaanza kutazamana. Hebu basi, ndugu msomaji, tumfuate huyu mzee.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3 tu, akalelewa na mama. Baada ya shule aliingia jeshini, akatumwa India na Afrika. Jina lake lilivuma mwaka wa 1900, baada ya Makaburu kuuzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Kwao Uingereza alishangiliwa kama shujaa. Ila tusifichane: katika mji ule ule chakula hakikugawiwa sawa. Waafrika walipewa kidogo kuliko Wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa.

Aliporudi kwao akaanza kufikiria vijana. Agosti 1907 alipiga kambi kisiwani Brownsea akiwa na wavulana wapatao 20. Hapa ndipo penye utamu wa hadithi. Uingereza ya siku hizo mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua hawakukaa meza moja, sembuse hema moja! Yeye akachukua wanafunzi wa Eton na Harrow, shule za wakubwa, akawachanganya na watoto wa wafanyakazi kutoka Poole na Bournemouth. Hata karo ya kambi ilitofautiana: wa shule kubwa walilipa pauni moja, yaani shilingi 20 za wakati huo, na wengine shilingi 3 na nusu. Aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala, alilolipata katika vita vya Matabele.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu, na vijana wakaanza vikosi vyao wenyewe kila mahali. Kenya uskauti ulifika mwaka wa 1910.

Wasichana nao hawakungoja kuitwa. Mwaka wa 1909, kwenye mkutano mkubwa wa maskauti huko Crystal Palace, London, walijitokeza wakiwa wamevaa sare. Mzee akakuna kichwa, na mwaka wa 1910 chama cha Girl Guides kikaanzishwa, kikiongozwa na dada yake Agnes. Wasichana walipata chao, lakini kando. Siku hizi maskauti wa Kenya ni wavulana na wasichana pamoja.

Kwenye rangi ndipo alipolegea. Sheria aliyoiandika mwenyewe ilisema skauti ni ndugu wa kila skauti. Lakini Afrika Kusini watoto weusi walikataliwa, wakaundiwa chama chao, Pathfinders, mwaka wa 1922. Mwaka wa 1936 Baden-Powell alikwenda huko kusuluhisha. Wakakubaliwa kuitwa maskauti, lakini kila rangi ikabaki upande wake. Kwa maoni yangu, yule aliyethubutu Brownsea angeweza kuthubutu tena.

Mwaka wa 1938, akiwa mzee mgonjwa, alihamia Nyeri na mkewe Olave. Rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa karani wake, ndiye aliyekuwa na hoteli ya Outspan. Wakajengewa nyumba ndogo uwanjani mwake, wakaiita Paxtu. Hapo alichora wanyama na kuutazama Mlima Kenya mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kusema nimekwenda nyumbani.

Olave alifariki mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa hapo kwa mumewe. Mwaka huo huo, maskauti wa Afrika Kusini waliunganishwa kuwa chama kimoja.