Andrey Markov: Mwanahisabati Aliyehesabu Herufi za Pushkin

Matumizi ya akili mnemba na michoro ya mitandao ya maneno katika utafiti wa matini huchukuliwa na wengi kuwa zao la tarakilishi. Hata hivyo, fikra inayoyabeba ilikuwapo kabla ya tarakilishi ya kielektroniki kuundwa. Mmoja wa waasisi wake ni Andrey Andreyevich Markov, mwanahisabati wa Urusi aliyetumia kalamu, karatasi na subira.

Markov alizaliwa tarehe 14 Juni 1856 mjini Ryazan. Utotoni aliugua goti, akawa anatembea kwa magongo. Mwaka 1874 alijiunga na Chuo Kikuu cha St. Petersburg, ambako alifunzwa na Pafnuty Chebyshev, bingwa wa nadharia ya uwezekano. Alihitimu mwaka 1878 na kutunukiwa nishani ya dhahabu, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1884, na kufikia 1896 alikuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi.

Alikuwa mtu mkali asiyemumunya maneno. Mwaka 1902, uteuzi wa mwandishi Maxim Gorky katika Akademia ulipobatilishwa kwa shinikizo la utawala wa Tsar, Markov alipinga waziwazi. Mwaka 1908 alikataa agizo la kuwataka wahadhiri wawe wapelelezi wa wanafunzi wao. Mwaka 1912 aliliomba Kanisa la Orthodoksi limtenge, kama lilivyokuwa limemtenga Tolstoy mwaka 1901.

Ukali huohuo aliuingiza katika taaluma. Mwanahisabati wa Moscow, Pavel Nekrasov, alidai kwamba kanuni ya idadi kubwa, yaani ile inayosema kuwa wastani hutulia kadiri hesabu inavyoongezeka, hufanya kazi pale tu ambapo matukio hayategemeani. Kwa kuwa takwimu za matendo ya binadamu hutulia hivyo, Nekrasov aliona humo ushahidi wa hiari ya binadamu. Markov hakuridhika. Katika makala ya mwaka 1906, alithibitisha kwamba hata matukio yanayotegemeana, kila moja likiathiriwa na lililolitangulia, yanaweza kuitii kanuni hiyo. Mfululizo wa namna hiyo ndio ulioitwa baadaye mnyororo wa Markov.

Mfano hai wa mnyororo huo aliupata katika fasihi. Tarehe 23 Januari 1913 aliwasilisha mbele ya Akademia uchunguzi wa herufi 20,000 za mwanzo wa Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Alexander Pushkin. Aliondoa alama mbili za Kirusi zisizo na sauti yake, akapanga herufi zilizosalia katika majedwali, kisha akahesabu. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Kwa jumla, basi, herufi 43 hivi katika kila 100 zilikuwa irabu. Lakini baada ya irabu, irabu nyingine ilifuata mara 13 hivi tu katika kila 100. Baada ya konsonanti, ilifuata mara 66 hivi. Ilibainika kuwa herufi hutegemea jirani yake. Matokeo hayo yanaweza kuchorwa kama mtandao mdogo wa vifundo viwili na mishale minne yenye uzito tofauti. Utenzi wa Kiswahili ukihesabiwa vivyo hivyo utatoa uwiano wake tofauti, kwani silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu.

Yaliyofuata yanawahusu wanafasihi zaidi. Mwaka 1915, Nikolai Morozov, mwanamapinduzi aliyekuwa amefungwa gerezani kwa miaka mingi, alichapisha mbinu ya kumtambua mwandishi kwa kuhesabu viunganishi, vihusishi na maneno mengine madogo, kisha kuyachorea grafu. Grafu hizo alizifananisha na spektra za mwanga wa nyota. Zilivutia macho. Mwaka 1916 Markov alijibu kwamba vipande vilivyohesabiwa vilikuwa vifupi mno, na kwamba tofauti kama hizo huweza kujitokeza hata ndani ya kazi ya mwandishi mmoja. Pasipo kupanua sana hesabu, tofauti za grafu haziwezi kuamua nani aliandika nini. Hakuukataa utafiti wa aina hiyo. Alikataa hitimisho lililouzidi ushahidi.

Mwaka 1917, katika misukosuko ya mapinduzi, alihamia mji mdogo wa Zaraysk, akafundisha hisabati katika shule ya sekondari bila malipo. Alirejea Petrograd afya ikiwa imedhoofika, na huko akafariki tarehe 20 Julai 1922.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon aliitumia minyororo ya Markov katika nadharia yake ya mawasiliano, akaonyesha jinsi ya kuzalisha mifuatano inayokaribiana na Kiingereza. Mifumo mikubwa ya lugha ya leo ni tata zaidi na huzingatia muktadha mpana mno, lakini bado hukadiria kinachofuata kutokana na kilichotangulia. Nayo programu ya kuchora mtandao wa matini huyafanya maneno vifundo na ujirani wao nyuzi.

Hapa ndipo maisha ya Markov yanapomdai mtafiti wa sasa. Mtandao uliochorwa hubadilika kwa kutegemea urefu wa matini, maneno yaliyoondolewa na umbali unaohesabiwa kuwa ujirani. Markov alieleza ni sehemu gani ya kitabu aliyoihesabu, herufi gani alizozitoa na jinsi alivyozipanga, hivi kwamba mwingine angeweza kurudia kazi yake. Tasnifu inayoweka mchoro wa rangi bila maelezo hayo, au inayomhukumu mtunzi kwa beti chache zilizopitishwa katika programu, imerudi kwenye kosa la Morozov la mwaka 1915.